Roketi Iliyobaki Kwenye Pamba

Baba yangu uliye Dodoma,

Shikamoo. Najua utajibu "marahaba, mama," kwa sababu nilipewa jina la mama yako na hujawahi kuniita kwa jina lingine. Barua hii naiandika kwanza kwenye daftari la Fizikia lililobaki na kurasa nyeupe. Nikimaliza nitainakili kwenye simu ya mama na kuituma kwenye lile kundi la wakusanyaji wa saa, waisome wote. Unisamehe kwa hilo. Wewe uliaibishwa mbele za watu, kwa hiyo siwezi kukuomba radhi mafichoni.

Wengine watakaosoma hawakujui, ndiyo maana nitaeleza hata mambo ambayo wewe unayajua kuliko mimi.

Ulikuwa fundi saa hapa Manyoni. Kibanda chako kilikuwa kwenye njia ya kwenda stesheni, katikati ya mwanamke anayeuza vitunguu na kinyozi. Ulikuwa na meza moja na kile kioo cha kuvaa jichoni ulichokifunga uzi kisipotee. Watu walikuletea saa za kubadilisha betri na mikanda, na redio pia, maana siku hizi kila mtu anaangalia saa kwenye simu. Wazee wachache tu, wastaafu wa reli na walimu, ndio walikuwa bado na saa za kutia ufunguo, na hao walikuwa hawamwamini fundi mwingine. Lakini chini ya meza kulikuwa na kopo la biskuti, na ndani yake saa tisa, kila moja imefungwa kwenye kipande cha kanga kuukuu. Hizo hazikuwa za wateja. Zilikuwa saa zilizotengenezwa kwa kumbukumbu ya safari za anga za juu.

Nilikuwa darasa la pili uliponionyesha mara ya kwanza. Ulifunua ile ya Warusi. Uso wake ulikuwa na rangi ya maziwa iliyogeuka kahawia pembeni, na roketi nyekundu, ndogo kuliko punje ya mtama, ilikuwa inapanda kuelekea namba kumi na mbili.

"Hii waliitengeneza kumkumbuka mtu wa kwanza kuizunguka dunia akiwa nje yake," ulisema.

"Nje yake wapi?"

"Juu, mama. Kule ambako hakuna upepo."

Nikakuuliza kama alituona Manyoni. Ulifikiri kidogo, ukasema, "Alipita haraka."

Ile saa ulipewa na bwana mifugo mstaafu aliyesoma Urusi ujanani mwake. Na wewe ukampa mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikuwa wa mama, tena mwenye mimba. Mama alisema kwa Kinyaturu maneno ambayo sitayaandika hapa, kisha wiki nzima hakuzungumza na wewe ila kupitia kwangu. "Muulize baba yako, mbuzi wangu ameshafika mwezini au bado yuko njiani?" Nawe bila kuinua kichwa mezani ukajibu, "Mwambie mama yako amefika salama, ila analalamika huko hakuna majani." Mama alijifunika mdomo kwa kanga ili usijue kwamba anacheka.

Nyingine zilikuja moja moja, kwa miaka. Ile ya Wamarekani yenye unyayo wa kiatu uliochongwa mgongoni na kupakwa dhahabu, ya kumbukumbu ya kufika mwezini. Ile ya vyombo viwili vilivyoungana, vya Warusi na Wamarekani, uliyoipenda kuliko zote kwa sababu, kama ulivyosema, "walikwenda kusalimiana huko juu wakati huku chini hawasalimiani." Hiyo aliiacha abiria mmoja wa treni akisema atapita wiki ijayo. Uliiwekea kikaratasi chenye jina lake. Alipochelewa mwaka ukaendelea kuingoja, na hata ulipoacha kumngoja, kile kikaratasi hukukitoa.

Nilipofika darasa la sita ulinifundisha kufungua mfuniko wa nyuma. Ulinionyesha mikwaruzo midogo ndani yake na kuniambia kwamba kila fundi anayeifungua saa huandika alama yake humo kwa sindano, ili fundi atakayefuata ajue nani alipita. Ulizisoma kama mtu anayesoma majina ya ukoo. "Huyu mkono wake ulikuwa unatetemeka. Huyu alikuwa na haraka." Nikakuuliza yako iko wapi.

"Kwenye za wateja naandika. Kwenye hizi hapana. Hizi mimi nazitunza tu."

Ukanifundisha kubadilisha kioo cha mbele kwa kile kifaa chenye meno kinachokibana na kukiinua. Ukaniambia jambo moja ukiwa umeshika kidole changu: "Uso wa saa haufutwi, mama. Hata kwa pumzi."

Nilisikia, baba. Nataka kila atakayesoma ajue kwamba nilisikia.

Halafu ukaziweka picha zake kwenye kundi, na mwanakundi mmoja wa Dar es Salaam akakupigia simu. Alikuwa anaandaa maonyesho kwa ajili ya wanafunzi, ya saa na vitu vingine vya kumbukumbu za anga. Alitaka kuazima nne. Kila saa ingekaa kwenye sanduku la kioo na chini yake kadi yenye jina la mwenyewe na mahali inapotoka. Jioni ile uliniletea karatasi na kalamu. "Andika jina langu, halafu chini yake Manyoni, Singida. Tuone litakavyokaa." Nikaandika kwa mwandiko wangu bora. Uliitazama kwa muda, ukaikunja na kuitia mfuko wa shati.

Tulijua siku atakayokuja wiki mbili kabla. Kwetu mgeni wa mbali hupokewa hivi: uwanja unafagiliwa mpaka ukuta wa jirani, kuku anakamatwa mapema, na sufuria zote zinasuguliwa kwa jivu na mchanga hata zile ambazo hazitapikiwa, kisha zinafudikizwa juu ya kichanja nje zikitazama barabara. Mama alilelewa hivyo na bibi, naye amenilea mimi hivyo. Sufuria yenye masizi ni fedheha ya nyumba nzima. Asubuhi ile nilisugua kumi na moja. Mikono yangu ilikuwa na jivu mpaka kwenye viwiko, na mama alikuwa anapita akisema, "Hiyo bado. Hiyo nayo bado. Unataka aseme tumetoka porini?"

Ulipokwenda stendi kumpokea uliniambia nilitoe kopo na kuzipanga zile nne kwenye meza ya sebuleni. Nikazipanga. Kitambaa cha meza kilikuwa kimepigwa pasi kwa wanga, glasi zilikuwa zinang'aa, hata kidumu cha maji ya kunawa kilikuwa kinang'aa. Katikati ya vyote hivyo saa zako zilionekana kama vitu vilivyookotwa. Madoa ya kahawia, dhahabu iliyofifia, uchafu mweusi kwenye mikunjo ya ule unyayo.

Nikaona aibu. Sikujionea aibu mimi, nilikuonea aibu wewe. Nilimwona mgeni kichwani mwangu, mtu wa Dar es Salaam, akisema huyu fundi hajui hata kutunza vitu vyake. Hiyo ndiyo aibu ya kwanza, baba, nayo ndiyo iliyozaa nyingine zote. Ulikuwa na kitu kimoja ulichojivunia na mimi nikakiona kichafu.

Nilianza na ule unyayo. Nilichukua jivu laini kwenye kitambaa chenye maji na kusugua kwa kidole gumba, mwendo uleule wa sufuria. Uling'aa haraka, nami nikafurahi. Nikageuza ya pili, nikageuza ya tatu. Ile dhahabu ilikuwa nyembamba na ilitoka pamoja na weusi, lakini chini yake kulikuwa na bati jeupe lililong'aa zaidi, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani huo ndio usafi.

Halafu nikachukua ya Warusi. Nilikuwa na dawa ya meno, pamba, na kile kifaa chako cha kuinulia kioo. Nilikumbuka ulichoniambia. Niliwaza kwamba ulisema hivyo kwa sababu ya vidole vya watoto, na mimi sikuwa mtoto tena, nilikuwa kidato cha tatu. Nikainua kioo. Nikafuta mara moja, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia.

Roketi ilibaki kwenye pamba, yote, nyekundu kabisa, na maandishi ya Kirusi yalikuwa yamevurugika pembeni yake. Kwenye saa palibaki duara jeupe na mishale miwili.

Nilirudisha kioo. Pamba niliitupa chooni. Niliilaza ile saa kifudifudi katikati ya nyingine, nikazifunika zote kwa kitambaa na kwenda kuchukua birika la maji ya kunawa, kwa sababu nilikuwa nimewasikia mnaingia uwanjani mkicheka.

Yule mgeni hakuwa mtu mbaya, nataka kuwa mkweli hata kwake. Alimsalimia mama kwa heshima na kumsifu kuku. Nilipiga magoti nikammiminia maji mikononi, nikaona ananusa. Vidole vyangu vilikuwa vinanuka dawa ya meno. Alipomaliza kula alivaa kioo chake jichoni, akavuta meza karibu na kuzifunua. Aliinua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akafika kwenye ya Warusi, akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mzee," alisema, "nani amezisafisha hizi?"

Ndipo na wewe ulipozitazama. Ulikuwa hujaziona tangu asubuhi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika. Ulizitazama saa, kisha ukatazama mikono yangu yenye jivu, kisha uso wangu. Ulinitazama kwa muda mfupi sana.

"Ni mimi," ulisema.

"Wewe mwenyewe? Fundi wa miaka yote hii?"

"Niliona zimechafuka. Nilitaka kukupokea vizuri."

"Mzee, lakini madoa yale ndiyo yalikuwa yanaonyesha kwamba ni zenyewe. Hii sasa ni nini? Sasa hii ni bati tu."

"Nimekosea," ulisema.

Nami nikasimama na birika langu. Mdomo wangu ulikuwa wazi, hilo nalikumbuka. Unanijua, darasani nikijua jibu nilikuwa naliandika pembeni ya daftari na kuacha mwingine anyooshe mkono. Watu wamezoea kusema mimi ni mwenye haya. Nimejificha nyuma ya neno hilo miaka miwili. Lakini siku ile haikuwa haya, ulikuwa woga. Nilihesabu kwamba nikinyamaza nitapona, na nikanyamaza.

Aliondoka bila saa hata moja. Kabla ya kuondoka aliomba kupiga picha, nawe ukamruhusu, na wiki ile picha zikatokea kwenye kundi: unyayo mweupe, uso usio na roketi, na wewe nyuma yake umekaa na shati lako lililopigwa pasi. Chini yake aliandika kwamba hivi ndivyo fundi wa Manyoni alivyoisugua historia kama sufuria. Nadhani aliandika kwa huzuni, lakini watu waliisoma kwa kicheko.

Ikafika mpaka kwa kinyozi wetu, na kwake jina likazaliwa. Ulikuwa ukipita asubuhi vijana wanakusalimia vizuri, "Shikamoo fundi," na ukishafika mbele mmoja anaongeza, "Fundi Sufuria, na yangu nayo ina masizi!" Ulikuwa unainua mkono bila kugeuka. Wale wazee wenye saa za ufunguo wakaanza kuzipeleka Singida mjini. Mzee Mkhoi, yule wa reli aliyekuwa akizipangia treni njia, ambaye saa yake uliitunza tangu sijazaliwa, alikuja kuichukua kabla hujaimaliza. Alisema anaihitaji kwa haraka, ingawa ni mstaafu na hana treni ya kuiwahi. Uliifunga kwenye kitambaa, ukampa kwa mikono miwili na kumshukuru.

Siku moja nilijaribu. Nilikuletea chai kibandani, nikasema, "Baba, zile saa..." Ukasema, "Soma, mama." Nikasema tena, "Baba." Ukanitazama, na ungeweza kunisaidia, ungeweza kusema najua. Ukasema tu, "Chai yako iko wapi? Lete tunywe wote." Tukanywa. Na mimi nikashukuru kwamba umenizuia kusema. Hiyo ndiyo aibu inayoniuma kuliko ya pamba. Kosa la pamba lilikuwa la mara moja, lakini kila asubuhi nilichagua upya kunyamaza.

Ulipokunja meza na kwenda kulinda ghala huko Dodoma ulimwambia mama ni kwa sababu ya ada yangu. Mama aliamini. Mama hakujua chochote mpaka juzi. Nimemwambia tukiwa tunapepeta alizeti. Aliweka ungo chini, akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa nasema hiyo bado, hiyo nayo bado." Nikamwambia hapana mama, usinipunguzie, wewe ulisema sufuria. Alilia, na mimi nikalia, lakini hakunikatalia nilipoomba simu yake.

Nimemaliza kidato cha nne, baba. Nasubiri matokeo. Kwa ada ya mlinzi aliyekuwa fundi nimesoma jinsi vitu vinavyoanguka na kwa nini mwezi hauanguki, na katika mtihani niliandika kurasa tatu bila kukwama. Nilipotoka kwenye chumba cha mtihani sikuwa na furaha niliyoitegemea. Niliona kwamba kila nilichokijua kilianzia kwenye meza niliyoivunja.

Jumatatu nilikwenda kwa Mzee Mkhoi nikiwa na hili daftari. Nilimwamkia, nikamwambia nina kitu cha kumsomea. Nilisoma nimesimama mpaka pale uliposema "ni mimi." Akanyanyua mkono.

"Kwa hiyo tulimkimbia fundi kwa sababu ya mtoto."

"Ndiyo, babu."

"Na wewe ulikuwepo unatusikia tukisema."

"Nilikuwepo."

Hakunipa pole na hakunituliza, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema, "Mimi umeniambia. Lakini jina halikuzaliwa kwangu. Nenda kule lilikozaliwa."

Nilijua ni wapi. Ilikuwa mchana, na kwa kinyozi palikuwa pamejaa, watu saba au nane, mmoja kichwa kimenyolewa nusu. Sijawahi kuingia mle, wasichana hatuingii. Nilisimama kizingitini nikasema shikamooni, ingawa wengine ni wadogo kwangu, na wakacheka kabla sijaanza. Kinyozi akazima mashine.

"Tukusaidie nini, dada? Unanyoa?"

"Nimekuja kusema habari za saa za baba."

"Ah, Fundi Sufuria! Hajambo huko?"

"Baba hakusugua kitu," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia. "Baba hakusugua kitu. Niliyesugua ni mimi. Alizikuta hivyo, akasema ni yeye ili nisipate aibu, na mimi nikamwacha aseme. Hajawahi kuharibu saa ya mtu. Muulizeni yeyote mwenye saa."

Yule mwenye kichwa nusu akauliza, "Kwa nini sasa ulizisugua?"

"Mgeni alikuwa anakuja," nikasema.

Halafu kijana mmoja kwenye benchi akapasuka kwa kicheko, na wote wakafuata, mpaka kinyozi akashika kiti. "Jamani! Kumbe Sufuria mwenyewe ni huyu!" Nilisimama mpaka wakamaliza. Kinyozi alifuta macho, akasema kwa sauti nyingine, "Mwambie mzee tunamsalimia. Mwambie... mwambie tunamsalimia." Akawasha mashine.

Siombi unisamehe kwenye simu Jumapili, ukiwa na dakika chache za maongezi na mlinzi mwenzako pembeni. Wala sikuombi urudi, kwa sababu sijui kama kuna wateja wa kutosha kumlisha fundi, na sitaki kukuahidi kitu nisichoweza kukitimiza. Naomba ujue tu kwamba hapa jina lako sasa ni lako tu. Jana nilitumwa vitunguu, na nilipokaribia pale benchi wakaita, "Sufuria! Sufuria, na hii nayo ina masizi!" Niligeuka, nikaitika. Ukipita Manyoni na kulisikia jina hilo, baba, usinyanyue mkono. Endelea tu na safari yako. Wananiita mimi.

Nakuacha na salamu za mama, na heshima niliyochelewa kukupa.

Mimi, binti yako, niliyezisugua.